Shemeji Firmin Alipoacha Kuogopa

Shemeji yangu Firmin Follonier alikuwa mwoga, na ndiyo maana watu walimwamini awapandishe milimani. Nasema hivi kwa heshima. Kila alfajiri ya safari alikuwa wa kwanza kuamka. Alitoka nje mara tatu. Mara ya kwanza alikwenda chooni, mara ya pili alitazama anga, mara ya tatu alikanyaga theluji kwa kisigino asikilize inavyolia. Kisha alirudi jikoni kwangu uso umempauka, akakataa chai, akakataa mkate, akasimama karibu na jiko huku amejishika tumbo.

Waongozaji wenzake walimtania. Rémy Chevrier, ambaye alisoma naye tangu darasa la kwanza na akafanya naye mtihani wa uongozaji siku moja, alipenda kuuliza mezani mbele ya wageni wote, "Haya, tumbo la Firmin linasemaje leo? Twende au turudi kulala?" Watu walicheka, na Firmin naye alicheka kidogo. Lakini mimi niliyekuwa nikimimina chai niliona kwamba Rémy mwenyewe hakufunga viatu vyake mpaka ajibiwe.

Mimi ni Agathe. Nimekitunza kibanda cha Zarmoz miaka ishirini na miwili. Tunakiita kibanda ingawa ni cha mawe na kinalaza watu hamsini. Kuanzia mwezi wa tatu hadi katikati ya mwezi wa tano wageni wanapanda kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea, wamezibandika ngozi upande wa chini ili zisirudi nyuma, na wanaondoka kwangu kabla jua halijatoka, theluji ikiwa bado ngumu kama sakafu. Saa nne asubuhi mtu mwenye akili awe ameshateremka, maana baada ya hapo miteremko inalainika na kuanza kuachia theluji iporomoke. Jikoni niko na Hortense, mpishi kutoka bonde la jirani, mwanamke aliyenizidi umri na asiyeficha neno. Firmin alimwoa mdogo wangu Ludivine, anayehudumia watu dirishani posta ya Evolène, kijiji chetu bondeni. Miezi mingine ya mwaka alikuwa seremala, na yeye na kaka yake Candide walikuwa na ng'ombe tisa.

Mwaka alipopatwa na ajali, theluji ilianguka nyingi mwezi wa nne, wakati ambao tulizoea iwe inapungua. Firmin alikuja na wageni watano ambao alitaka kuwavusha kwenye shingo ya mlima hadi bonde la pili. Mmoja wao aliitwa Verena Aebischer, mkutubi kutoka Thun, mwenye miaka kama hamsini, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kila wanapopanda. Jioni ya kwanza Firmin aliwatoa nyuma ya kibanda kufanya mazoezi ya kutafutana. Kila mmoja anavaa kifuani kifaa kidogo kinachopiga mlio, na ukifukiwa, wenzako wanafuata mlio wa chako kwa vyao. Firmin alifukia mfuko wake wenye kifaa, wakautafuta. Wanne waliupata wakaingia kunywa supu. Verena alishindwa mara mbili. Hortense alichungulia dirishani akasema yule mama atakufa kwa baridi kabla hajapata chochote, amwache aje ale. Firmin hakumwacha. Walikaa nje wawili mpaka Verena alipoupata, kisha Firmin akaufukia tena mahali pengine, Verena akaupata tena.

Siku ya pili hali ya hewa iliwazuia. Siku ya tatu waliondoka. Kundi la Rémy lilikuwa limevuka siku mbili kabla bila tatizo, na wageni walijua hilo. Firmin alipofika kwenye mteremko mmoja mfupi, si mkubwa kupita uwanja wa mpira, aliwasimamisha wote watano juu ya mwamba. Verena ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema Firmin aliwaambia haupendi mteremko ule, kwamba angevuka peke yake, na akifika salama wangemfuata mmoja mmoja. Asipofika, wanajua la kufanya. Wawili walitabasamu kwa sababu alikuwa amesema maneno yale yale kwenye miteremko mingine minne.

Alipofika katikati, theluji ilikatika juu yake.

Verena alimpata. Alikuwa chini kwa mita moja na nusu, na walimchimba wote watano kwa makoleo mpaka wakafika usoni. Rangi yake ilikuwa ya mawe tunayoezekea paa. Verena alimtoa theluji mdomoni kwa vidole, Firmin akapumua. Ilikuwa dakika ya kumi na nne. Helikopta ilimpeleka hospitali ya Sion akiwa amevunjika mtulinga na mbavu mbili, na baada ya siku nne alirudi nyumbani.

Hakuna aliyekufa. Sisi wote tulilishika sana jambo hilo, mpaka tukasahau kuangalia mengine.

Padri alisoma misa ya shukrani. Baada ya misa tulimiminiwa mvinyo mweupe nje ya kanisa kama kawaida, na Ludivine alilia huku anacheka. Rémy alimkumbatia Firmin kwa upande usiovunjika akamwuliza, "Mzee, ulitaka kututoroka?" Firmin akasema hapana. Alisema kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari. Nilidhani ni maumivu ya mtulinga.

Mtulinga ulipona, na yeye alibaki vile vile. Kiangazi kile alikata nyasi na Candide, akatengeneza ngazi za nyumba mbili, akala alichowekewa. Mwezi wa kumi na moja baba yake alifariki. Firmin alimtengenezea jeneza mwenyewe, la lachi, mti mgumu wa milimani kwetu, kazi safi, viungo vyote vimekutana bila msumari. Wote tulilia. Yeye alishika kona yake ya jeneza, akalishusha, akarudi karakanani kunoa patasi. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, ng'ombe wao Baronne aliwashinda wenzake wa daraja lake kwenye mapambano ya ng'ombe, ambako majike husukumana kwa vichwa. Ukoo ule ulikuwa ukingojea ushindi kama huo tangu babu yao. Candide, mtu mzima mwenye ndevu, alijificha uso shingoni mwa ng'ombe analia. Firmin alikuwa ameshika kamba. Aliniuliza tutaondoka saa ngapi.

Ludivine alinipigia simu siku moja posta ikiwa haina watu. Aliniambia, "Dada, naishi na mpangaji. Mpangaji mzuri, hagombani, analeta kuni, anafunga milango. Lakini nilikuwa na mume."

Nikamwambia ampe muda. Nilisema vile mtu anavyosema anapotaka simu iishe, kwa sababu maji yalikuwa yanachemka na nilikuwa na watu arobaini wa kulisha.

Majira ya machipuko ya kwanza baada ya ajali, Firmin alirudi kazini. Wiki ya pili Verena alikuja na kundi la Rémy, kwa njia rahisi, ili amwone tu. Alileta boksi la biskuti za kwao. Nikawapa meza ya dirishani na kuwaacha, ingawa nilikuwa nafuta meza ya pili na nilisikia yote. Verena alimweleza kwamba tangu siku ile hajalala usiku mzima hata mmoja, kwamba anaota anachimba na hafiki. Machozi yalimtoka. Firmin alimmiminia chai.

Verena akamwuliza, "Ulihisi nini kule chini?"

Firmin alifikiri. Niliona anafikiri kweli, anatafuta jibu la heshima. "Baridi," akasema.

Yule mama alingoja. Hakukuwa na lingine. Baadaye alikunja kitambaa chake cha mezani vizuri sana, mara nne, akamshukuru kwa chai. Mwaka uliofuata alituma kadi. Baada ya hapo hakutuma tena.

Sasa niseme na langu. Firmin aliporudi kazini, hakutoka tena nje mara tatu. Hakutoka hata mara moja. Alilala mpaka nimwamshe, akanywa chai, akala vipande viwili vya mkate mweusi na jamu, akafunga viatu. Hortense alisema, "Shemeji yako amepona tumbo," nami nikafurahi, maana kwa miaka mingi ilinisumbua kumwona mtu akitoka kwangu hajala. Wageni walimpenda kuliko zamani. Walisema ana utulivu, kwamba kuwa nyuma yake ni kama kuwa nyumbani. Walimwulizia kwa jina, na waliomtaka Firmin walilala Zarmoz. Kitabu changu kilijaa mpaka mwezi wa tano. Niliona, nikanyamaza.

Hortense hakunyamaza. Kila mwongozaji anapofika kwetu anaandika kwenye daftari la kibanda anakokwenda kesho, na akirudi anaandika alikofika. Mwisho wa machipuko ya pili Hortense aliketi na lile daftari, miwani puani, akaniita.

"Shemeji yako zamani alikuwa anageuza watu njiani mara ngapi?"

Nikasema labda safari moja kwa nne.

"Miaka hii miwili hajageuza hata moja."

Nikamwambia hali ya hewa imekuwa nzuri.

"Imekuwa nzuri kwa Firmin peke yake?" akauliza. "Rémy kageuza mara saba."

Nilichukua daftari nikalirudisha kwenye rafu yake.

Machipuko ya tatu, wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, usiku mmoja anga lilifunikwa na mawingu na joto halikuondoka. Alfajiri nilifungua mlango kumwaga maji, na theluji iliyopaswa kuwa ngumu ikameza mguu wangu mpaka kifundoni. Haikuganda hata kidogo. Waongozaji watatu waliokuwepo waliwaambia wageni wao warudi kitandani. Rémy akatoa karata.

Firmin alimaliza mkate wake, akavaa. Alikuwa na wageni sita, na walikuwa tayari wako nje wakibandika ngozi.

Rémy alimfuata mlangoni. "Firmin, haikuganda."

"Najua."

"Unaenda wapi basi?"

"Juu."

Rémy alirudi mezani akasema labda anawatembeza tu kwenye barafu ya chini wapate njaa. Alicheka, nami nikacheka. Hakuna aliyemfuata.

Juu ya kibanda chetu kuna kilele tunachokiita Jino, na kutoka kwenye Jino unashuka mteremko mmoja mrefu, laini, usio na mwamba hata mmoja. Tunauita Shuka. Ukiganda, ni kitu kizuri kuliko vyote mtu anavyoweza kufanya akiwa na ski miguuni. Usipoganda hauugusi. Unavua ski unazibeba, unazunguka kwa miguu kwenye ukingo wa mawe, saa mbili nzima, unafika umechoka na umekasirika, lakini umefika.

Saa tano kasoro nilitoka kuanika mablanketi. Jua lilikuwa limepasua mawingu, paa linachuruzika. Nikainua macho nikaona vitone saba juu ya Shuka, vimesimama. Nikaingia ndani kuchukua darubini, na Rémy akaona uso wangu akatoka nami. Alitazama mara moja. Aliingia, akavaa viatu, akawaambia wenzake wawili wavae, wakatoka na makoleo na fimbo za kuchomea theluji kutafuta aliyefukiwa, wakasimama uani. Wageni wao walichungulia madirishani. Hortense alisimama nyuma yangu na kisu mkononi.

Firmin alishuka wa kwanza. Wengine wakamfuata, hata hawakungojana. Nikawahesabu. Mbili, tatu. Mmoja alipiga kelele za furaha na sauti ikatufikia. Chini ya ski zao mabonge ya theluji yalianza kubingirika, makubwa kama maboga, yakaacha mistari, yakasimama. Nne, tano. Wa sita alianguka, akakaa pale katikati ya Shuka anatafuta fimbo yake, na alikaa muda ambao siwezi kuukisia. Alisimama, akashuka. Saba.

Hakuna kilichotokea. Shuka ilibaki pale pale. Kwa ninavyojua haikuachia siku ile wala kesho yake.

Walifika wamelowa, wamewiva nyuso, wana furaha kama watu wanaotoka harusini. Waliagiza bia na viazi vya kukaanga na mayai juu. Mmoja wao, daktari wa meno kutoka Lausanne, alimshika Rémy mkono akamwambia nyinyi mliolala mmekosa siku bora ya mwaka. Rémy alimjibu kwamba ni kweli. Akatoka nje kuvua viatu, na niliona inamchukua muda kufungua kamba.

Firmin aliingia jikoni. Aliketi kwenye kibao karibu na jiko, pale pale alipokuwa akisimama zamani. Hortense alikuwa anamenya viazi.

"Shemeji, umeona?" Firmin akaniuliza.

"Nimeona."

"Moyo haukudunda hata kidogo."

Rémy aliingia na soksi zake zimelowa, akafunga mlango kwa mgongo. Nilidhani atampiga.

"Watu sita, Firmin," akasema.

"Sita."

"Wewe una akili?"

"Akili ninayo. Ilinikataza." Firmin alisema bila kupandisha sauti. "Nilisimama pale juu nikajua kila kitu. Haikuganda, jua limeshapiga, saa imepita. Nilisikia akili inanikataza, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nikangoja niogope. Nilingoja kweli, Rémy. Wageni walidhani natazama njia. Sikuogopa, nikashuka."

Rémy alikaa juu ya gunia la vitunguu.

"Niliogopa hofu yangu yote kule chini," Firmin akaniambia mimi. "Ule mwaka. Nadhani niliimaliza."

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba nilijua tangu mwaka juzi, kwamba niliona anakula na kulala na nikanyamaza kwa sababu kibanda kilijaa. Nilitegemea anilaumu, au anisamehe. Aliniambia hata Ludivine anajua. Alisema kila mtu anajua, ni kama harufu ya mtu, wewe mwenyewe ndiye wa mwisho.

Kwenye chumba cha kulia wageni wake walikuwa wanaimba. Hortense alimaliza kiazi, akakitupa kwenye maji.

"Basi acha," akasema. "Acha kazi, Firmin. Kwani lazima?"

Nadhani sisi wawili, mimi na Rémy, hatukuwa tumefikiria kwamba mtu anaweza kusema hivyo. Kwetu mwongozaji anaacha akivunjika magoti au akizeeka.

"Ndiyo," akasema. "Nadhani ni hivyo."

Aliinuka akaenda kwenye meza ya wageni wake. Nilimfuata mpaka mlangoni. Aliwaambia kwamba mteremko aliowashusha haukupaswa kuguswa leo, kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba wako hapa kwa bahati tu. Aliwaambia hatawaongoza tena kesho, kwamba Rémy atawateremsha. Alisema vizuri, kwa mpangilio, kama anaeleza kuhusu dirisha litakalochelewa. Kisha daktari wa meno akacheka, akasema hivi ndivyo mabingwa walivyo, wanajishusha, na akammiminia mvinyo. Wengine wakacheka naye. Mwanamke mmoja tu, yule aliyeanguka katikati, alisukuma sahani yake mbele na hakula tena.

Asubuhi yake, theluji ikiwa imeganda, Firmin aliteremka peke yake kwa njia ya kiangazi, kwa miguu, ski zimefungwa mgongoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka ofisi ya waongozaji, akaweka beji yake mezani. Kulikuwa na fomu. Kwenye mstari wa sababu aliandika: Siogopi tena. Karani alisoma akadhani ni mzaha, au majigambo, akamwomba aandike sababu ya kweli. Firmin akamwambia hiyo ndiyo. Karani, kwa huruma yake, akafuta na kuandika afya.

Ludivine alimtafutia daktari Sion, mwanamke mmoja mpole ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu waliopatwa na mambo. Kila Alhamisi aliomba ruhusa posta akampeleka kwa gari mwenyewe, kwa sababu akiachwa aende peke yake alisahau. Walikwenda hivyo mwaka mmoja na nusu. Kulikuwa na vidonge pia. Daktari alimwambia Ludivine kwamba haya yanajulikana, kwamba mtu anaweza kufungwa ndani hivyo, na kwamba asingoje siku moja ambayo atafunguka kama mlango. Ludivine aliniambia angependa kama yule daktari asingesema hayo, kwa sababu siku hiyo ndiyo aliyokuwa akiingoja.

Candide alimkataza kufanya kazi za juu ya paa. Seremala asiyeogopa hafai juu ya paa. Kwa hiyo Firmin anabaki karakanani, anatengeneza madirisha na ngazi za ndani, na watu wanasema hajawahi kutengeneza vizuri kama sasa. Rémy anapitia pale Jumamosi. Hawazungumzi milima. Rémy anazungumza kuhusu magoti yake na bei ya nyasi, na Firmin anapiga randa.

Siwezi kusema amerudi. Najua vitu vidogo. Mwaka juzi Candide alitaka kumuuza Baronne bila kumwuliza, na Firmin akarusha ndoo ukutani. Ludivine alinipigia simu akiwa kazini kunieleza ile ndoo ilivyopinda, akarudia mara mbili, na sauti yake ilikuwa kama ya zamani. Siku iliyofuata Firmin alinyoosha ndoo kwa nyundo na mambo yakawa kama kawaida. Kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu alicheza muziki mmoja na mke wake kwa sababu Ludivine alimwomba. Alicheza mpaka mwisho, kisha akamrudisha kwenye kiti.

Machipuko haya yaliyopita Ludivine alipata likizo ya siku tatu na akasema anataka kupanda kwa ski. Hakuwa amepanda tangu alipojifungua mtoto wa pili. Alichagua mlima mdogo juu ya malisho ya ng'ombe, mlima wa wanaojifunza, na akamwomba Firmin waende. Alisema yeye ndiye atakayetangulia. Firmin akakubali.

Ludivine ananiambia ilikuwa shida. Ngozi za ski zilikuwa za zamani, gundi imekauka, zinabanduka kila baada ya hatua mia. Firmin alizibana kwa utepe wa gundi. Ludivine alipanda kwa kukata kona ndefu, polepole, akisimama kila anapotaka, na kila aliposimama alisikia nyuma yake ski za Firmin nazo zinasimama. Hakugeuka kumtazama. Alisema alitaka asikie tu kwamba yupo.

Walipofika kwenye zizi la malisho Ludivine alichoka, akasema inatosha, turudi. Kilele kilikuwa kinaonekana, kama nusu saa hivi. Firmin hakuuliza kwa nini. Walikaa kwenye ukuta wa zizi penye jua, theluji ya paa inadondoka mbele yao, wakala jibini na mkate na nyama kavu. Baada ya kula Firmin alilala ameegemea mawe, mdomo wazi, kofia imemshuka usoni. Ludivine alikaa naye hivyo karibu saa nzima mpaka kivuli kikafika miguuni. Kisha akamwamsha wakateremka kwa miguu, maana theluji ilikuwa imeshakuwa uji.

Nilimwuliza kama Firmin alifurahi.

Akasema hajui, hakumwuliza. Akasema Firmin alimbebea ski zake mpaka barabarani. Kisha akaniambia kuna mteja dirishani, akakata simu.